Shianda: Miwa, kijito na digrii ya pili

MSAFIRI anayepanda matatu mjini Kakamega kwenda Mumias huanza kuiona miwa kabla hajazoea kiti chake. Mwanzoni ni vishamba vidogo vilivyobanwa kati ya mahindi na migomba. Gari likizidi kuelekea magharibi, miwa nayo inazidi kutawala, hadi unafika mahali ambapo kulia ni miwa, kushoto ni miwa, na katikati ni lami na trekta linalokokota trela huku watoto wakilivizia lipunguze mwendo wachomoe kipande. Hapo, msomaji, uko karibu na Shianda.

Shianda si mahali pa watalii. Ni kituo cha biashara cha Mumias Mashariki, katika nchi ya Wawanga, watu wa Nabongo Mumia aliyefariki mwaka 1949. Kuna maduka ya kando ya barabara, vibanda vya mitumba, vinyozi, akina mama wenye ndizi na nyanya, na vijana wa bodaboda ambao humtambua mgeni kwa viatu vyake tu. Mvua hapa haina likizo. Asubuhi jua linawaka, alasiri mawingu yanajikusanya upande wa msitu wa Kakamega, na jioni kila mtu anatafuta paa.

Ni nini basi kinachompeleka mwandishi huko kutafuta habari za masomo ya chuo kikuu, ambazo angeweza kuzipata jijini Nairobi bila kuchafua suruali? Ni familia moja, ambayo jina lake naliacha lilale kwa kuwa mambo ya pesa za nyumbani si ya kubandikwa gazetini. Binti yao amehitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya mazingira. Sasa anataka shahada ya uzamili inayounganisha sayansi hiyo na sera, yaani elimu ya kupima maji na pia ya kujua sheria ya maji hutungwa vipi, na nani, na kwa faida ya nani. Mkononi ana barua mbili za kumpokea. Moja ni ya chuo cha humu nchini: miaka miwili, darasa kwanza, kisha tasnifu. Nyingine ni ya ng'ambo: mwaka mmoja, jina zito, na karo ambayo baba yake aliitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa. Mfadhili hakuna. Baba yuko tayari kuuza nusu ekari ya shamba.

Tulikaa chini ya mwembe. Nyanya wa binti huyo, ambaye boma zima humwita Kukhu, alisikiliza maelezo yote mpaka mwisho ndipo akauliza: "Mjukuu wangu, kazi hiyo ni ya daktari au ni ya wakili?"

Tulicheka, lakini nimesoma vijitabu vingi vya vyuo, vile vyenye picha za wanafunzi wanaotabasamu chini ya miti, na sikumbuki hata kimoja kilichouliza vizuri kuliko hivyo. Kozi zenye neno "mazingira" na neno "sera" katika jina moja ni nyingi siku hizi. Zipo zinazomtoa mtu daktari wa mito asiyejua barua ya malalamiko hupelekwa ofisi gani. Zipo zinazomtoa wakili wa mito asiyeweza kueleza samaki wamekufa kwa nini. Na zipo, ambazo ndizo za hatari zaidi, zinazompa kijana kijiko kimoja cha hiki na kijiko kimoja cha kile, akarudi nyumbani asiwe daktari wala wakili.

Mita sita au mita thelathini?

Nusu ekari inayotaka kuuzwa iko chini kabisa ya shamba, penye kijito. Binti alinipeleka huko kwa njia ya miguu iliyopita kati ya miwa, nyasi zikitulowesha hadi magotini. Maji ya sehemu hizi yote safari yake ni moja: vijito huingia katika mito kama Lusumu, Lusumu huingia Nzoia, na Nzoia, iliyotoka milima ya Cherangany na miteremko ya Mlima Elgon, hupita Webuye na Mumias ikaenda kumwagika katika Ziwa Victoria huko Budalang'i, ambako watu wamehamishwa na mafuriko mara nyingi kuliko wanavyopenda kukumbuka.

Ukingo wa kijito umepandwa mikaratusi. Ni miti ya baba, ya kuuza nguzo na mbao, na ndiyo iliyolipa sehemu ya karo ya shahada ya kwanza. Sasa sikiliza kisa chake. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito na kwenye maeneo ya majimaji ing'olewe kwa kuwa inakunywa maji mengi. Mwaka uliofuata tukapata Katiba mpya, ambayo katika kifungu cha 69 inaitaka serikali ifanye bidii kufikisha miti asilimia 10 ya ardhi ya nchi na kuidumisha hapo. Mkaratusi ni mti. Ukiuhesabu, unasaidia kutimiza Katiba. Ukiuacha kando ya kijito, unakwenda kinyume cha agizo la waziri. Mwanasayansi atakuambia mti huo unakunywa kiasi gani cha maji, katika udongo gani, ukiwa na umri gani. Hatakuambia mzee wa Shianda alipwe nini akiung'oa, wala ni nani wa kumlipa. Hilo ni swali la sera, na mtu asiye na jibu la kwanza hawezi kulijibu hili la pili kwa haki.

Kuna jambo jingine katika kijito hicho. Kanuni za ubora wa maji zilizotolewa mwaka 2006 chini ya sheria kuu ya mazingira ya 1999 zilikataza kulima au kujenga karibu na mto, kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kuanzia mahali maji yalipowahi kufika yalipofurika zaidi. Binti alikwisha pima kwa hatua zake. Shamba lao limepakana na kijito kwa urefu wa kama mita 70. Tukipiga hesabu ya mita 6, eneo lililokatazwa ni mita za mraba 420, karibu sehemu moja ya kumi ya ekari. Tukipiga ya mita 30, ni mita za mraba 2,100, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu ekari. Yaani ile nusu ekari yenyewe!

Mnunuzi mwerevu atalijua hilo na kushusha bei. Mnunuzi asiyejua atalima hadi majini. Nani huamua kama ni 6 au 30? Anaamua kwa kipimo gani? Kijito hicho kilifurika lini mara ya mwisho, na nani aliandika? Binti aliyauliza maswali haya moja baada ya jingine huku akitupa vijiti majini, na mimi nikawaza kwamba hapa pana tasnifu nzima ya uzamili, tena ya kozi hasa anayoitaka, na kwamba tayari ameanza kuisoma kabla hajalipa karo.

Makapi yaliyogeuka umeme

Haiwezekani kuzungumza Shianda bila kuzungumza Mumias. Kampuni ya sukari iliundwa mwaka 1971, kiwanda kikaanza kusaga mwaka 1973, na kwa miaka mingi kilitoa zaidi ya nusu ya sukari ya Kenya. Hisa zake ziliingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001. Mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, mwaka 2021 ikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda, na kesi zikafuatana mahakamani. Wazee wa hapa wanaweza kukuhesabia miaka kwa malipo ya miwa: mwaka tulipolipwa, mwaka tusipolipwa.

Kinachoihusu makala yetu ni mambo mawili yaliyotoka katika sekta hii. La kwanza ni maji machafu. Maji ya kiwanda cha sukari hayana sumu ya kutisha kwa macho, yana utamu. Yakiingia mtoni, vijidudu huula utamu huo, na wakila huvuta hewa ya oksijeni iliyomo majini, samaki wakakosa ya kupumua. Wataalamu hupima kwa siku tano kuona vijidudu vimetumia oksijeni kiasi gani. Kanuni zile za 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa kila lita kwa maji yanayoachiliwa mtoni. Kupima ni kazi ya maabara, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiweza. Lakini kipimo kichukuliwe saa ngapi, usiku au mchana? Na nani, kiwanda chenyewe au NEMA, ile mamlaka ya kitaifa ya mazingira? Faini ikiwa ndogo kuliko gharama ya mtambo wa kusafishia maji, mwenye kiwanda yeyote atachagua lipi? Hayo hayamo ndani ya chupa ya maabara.

La pili ni makapi ya miwa. Mumias ilijenga mtambo wa kuyachoma makapi hayo ili kuzalisha umeme, mwingine ukauzwa katika gridi ya taifa. Mwaka 2008 mradi huo ulisajiliwa katika mpango wa Mkataba wa Kyoto ulioruhusu nchi tajiri kununua upunguzaji wa gesi chafu kutoka nchi kama yetu. Fikiria kidogo: takataka ya Mumias iliandikiwa hesabu, hesabu ikakaguliwa, na hatimaye ikawa bidhaa ya kuuzwa nje kama chai. Kuna watu walioketi wakakokotoa kila tani ya makapi ingetoa moshi kiasi gani kama isingechomwa kwa njia hiyo, na wakati huo huo wakaisoma lugha ya mkataba mpaka wakaielewa. Hao ndio watu ambao kozi hizi hudai kuwafundisha. Na swali la mkulima wa Shianda, kwamba katika fedha hizo sehemu yake ilikuwa ipi, ni swali ambalo mhitimu mzuri hawezi kulikwepa.

Msitu mmoja, wenyewe wawili

Siku ya pili tulirudi nyuma, tukapita Kakamega hadi msituni. Nilitaka binti aone kitu ambacho wanafunzi wa Ulaya hupanda ndege kuja kukiona. Msitu wa Kakamega una wenyewe wawili. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, chini ya Shirika la Wanyamapori, na kuni haziruhusiwi kutoka. Upande wa Isecheno uko chini ya Huduma ya Misitu, na huko majirani wanaweza kupata ruhusa ya kuokota kuni au kulisha mifugo kwa malipo. Mvua ni ile ile, nyani ni wale wale, lakini sheria ni mbili. Watafiti wa mradi wa Ujerumani uliojulikana kama BIOTA walifanya kazi hapa kati ya 2001 na 2010 wakihesabu ndege, wadudu na miti. Ukitaka kujua sera hufanya nini kwa msitu, hapa kuna maabara iliyofunguliwa bure, nauli ya matatu tu.

Na kama unadhani sera ni maneno matupu, kumbuka dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 dhahabu iligunduliwa Kakamega, wazungu wakamiminika na mgodi wa Rosterman ukafunguliwa, ukadumu hadi mwaka 1952. Miaka miwili tu kabla ya fujo hiyo, sheria ya 1930 iliwaahidi Waafrika kwamba ardhi yao ya hifadhi ikichukuliwa watapewa ardhi nyingine badala yake. Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliibadilisha sheria hiyo haraka haraka ili wachimbaji wapite bila sharti hilo. Jiolojia ilisema dhahabu iko wapi. Kalamu moja Nairobi ikaamua ni ya nani. Wachimbaji wadogo wa Ikolomani mpaka leo hukamata chembe za dhahabu kwa zebaki, madini ambayo Mkataba wa Minamata wa 2013 unataka yapunguzwe duniani.

Kusoma orodha ya masomo

Tukarudi kwenye barua mbili. Nilimwomba binti anionyeshe, si picha, bali orodha ya masomo ya kila muhula. Huu ndio ushauri wangu wa kwanza kwa kijana yeyote: jina la kozi liweke kando, hesabu masomo. Ni mangapi yatakutia maabara au shambani? Ni mangapi yatakufundisha uchumi, sheria na namna uamuzi wa serikali unavyofanyika? Takwimu zimo? Ramani za kompyuta zimo? Kama upande mmoja una masomo sita na mwingine una somo moja la utangulizi, basi hiyo ni kozi ya upande mmoja iliyovaa koti la pili. Si dhambi kuichukua, mradi ujue.

Mifano ipo ya kulinganisha. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianza mwaka 2002 shahada ya uongozi wa umma katika sayansi na sera ya mazingira. Ni ya miezi 12, na kwa mpango wake wanafunzi huanzia kwenye sayansi, kisha ndipo wanaingia kwenye uchumi, siasa na usimamizi, na hufanya kazi ya kikundi kwa ajili ya shirika halisi lenye shida halisi. Ni mpango mzuri kwa mtu ambaye tayari ana ofisi inayomsubiri. Kwa mtu anayetaka kukaa na kijito kimoja misimu miwili ya mvua, miezi 12 ni kama kupita Shianda ndani ya basi la usiku.

Ulaya kuna mpango wa MESPOM, ulioanza mwaka 2005 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, ambao umekuwa ukiwapitisha wanafunzi katika vyuo vya nchi mbalimbali kwa miaka miwili, kikiwamo Chuo Kikuu cha Ulaya ya Kati na kile cha Lund, Uswidi. Faida yake kubwa kwa Mwafrika ni kwamba ufadhili umekuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo. Karibu na nyumbani, Egerton pale Njoro wameshirikiana na vyuo vya Vienna na Delft katika shahada ya pamoja ya elimu ya maziwa, mito na ardhi oevu; mwanafunzi anasoma Ulaya na Njoro pia. Huo mpango huegemea sayansi, lakini kwa mtu wa Nzoia si wa kudharau.

Nairobi, chuo kikuu kilianzisha kituo cha masomo ya juu ya sheria na sera za mazingira, CASELAP, pamoja na taasisi yenye jina la Wangari Maathai. Kenyatta, Maseno na Eldoret (iliyokuwa Chepkoilel ya Moi hadi ilipopewa hati yake mwaka 2013) wana idara za mazingira. Nje ya mipaka kuna Makerere, na Dar es Salaam kuna Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, ambayo imefanya utafiti wa ardhi na watu wake kwa miongo kadhaa. Na hapo Kakamega penyewe kuna Masinde Muliro, chuo kilichoanza mwaka 1972 kwa jina la WECO, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, na kimejijengea jina katika masomo ya kukabiliana na majanga. Mtu wa Shianda anaweza kusoma hapo na bado akala chakula cha mama yake. Vijana hudharau jambo hili. Wazazi hawalidharau.

Ushauri wa pili unahusu tasnifu. Humu nchini kuna ugonjwa unaojulikana: mwanafunzi anamaliza darasa kwa mwaka mmoja, kisha tasnifu inamkalia shingoni miaka minne, msimamizi hapatikani, sura ya pili inarudishwa mara saba. Kabla ya kulipa hata shilingi, tafuta jina la mhadhiri atakayekusimamia, soma alichoandika, na uulize wanafunzi wake wa mwisho walimaliza kwa muda gani. Chuo kisichoweza kulijibu swali hilo kimekwisha kukujibu. Na kozi ya mwaka mmoja ya ng'ambo nayo iulizwe kinyume chake: je, nitaandika chochote cha kwangu, au nitaandika insha tu?

Ya ithibati nayapita upesi. Kozi ya humu nchini iwe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na shahada ya nje lazima itambuliwe hapa ndipo waajiri wa serikali waikubali. Tena, shahada peke yake haikuruhusu kutia sahihi ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira. Ni lazima uandikishwe na NEMA na upewe leseni, kwa hiyo ulize kama mafunzo ya tathmini yaliyomo katika kozi yanatambuliwa na mamlaka hiyo.

Nusu ekari

Mambo ya fedha tuliyazungumza usiku, baba mtu akiwa ameshika redio iliyozimwa. Nilimweleza niliyokuwa nayajua. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hulipia shahada ya mwaka mmoja, lakini hudai uzoefu wa kazi wa kama miaka miwili na humtaka mtu arudi kwao angalau miaka miwili. Ufadhili wa Ujerumani kupitia DAAD kwa kozi za maendeleo nao hutaka miaka miwili ya kazi, na shahada ya mwisho isiwe imezidi miaka sita. Binti ana mwaka mmoja tu na ushei wa kazi, tena ya kujitolea. Kwa maneno mengine, akisubiri kidogo, mlango ambao leo anaununua kwa shamba unaweza kufunguliwa bure. Akiuza shamba leo, mlango ule ukifunguliwa mwaka kesho, shamba halirudi.

Baba alisema kwa utaratibu kwamba wapo vijana wa hapa waliosubiri mpaka wakaoa. Sikuwa na la kumjibu, maana ni kweli. Kusubiri nako kuna bei yake, na kwa binti wa kijijini bei hiyo hupanda haraka kuliko kwa mvulana. Mama yake ndiye aliyetikisa kichwa hapo.

Binti akamtaja Wangari Maathai. Si kama mfano wa kuigwa, alisema, bali kwa jambo moja. Profesa Maathai hakusomea sera hata siku moja. Alisoma biolojia Kansas na Pittsburgh, na uzamifu wake wa 1971 hapa Nairobi ulikuwa wa anatomia ya wanyama. Alikuwa akikusanya kupe kwenye ng'ombe kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa ndipo akaona mito imekuwa ya matope na ng'ombe wamekonda. Mwaka 1977 akaanza kupanda miti na akina mama, 1989 akazuia jengo refu katika Bustani ya Uhuru, na sera akajifunza kwa kupigwa rungu. Alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 alikuwa Naibu Waziri wa Mazingira. "Mimi nataka kujifunza hiyo sehemu ya pili bila rungu," binti alisema. Baba yake alicheka kwa mara ya kwanza usiku huo.

Kabla sijaondoka, aliandika maswali matano kwa lugha nyepesi akayatuma kwa idara zote mbili. Masomo mangapi ya sayansi na mangapi ya sera? Nani atanisimamia, na wanafunzi wake watatu wa mwisho walimaliza lini? Naweza kufanya utafiti wangu katika bonde la Nzoia, na maabara yenu itapokea sampuli zangu? Nafasi yangu inaweza kuahirishwa mwaka mmoja nikitafuta ufadhili? Wahitimu wenu wanafanya kazi gani sasa? Baba alikubali kutomwita mnunuzi mpaka majibu yaje.

Idara moja ilijibu siku ya tatu, kurasa mbili, pamoja na jina la mhadhiri na namba ya simu ya mhitimu anayefanya kazi na serikali ya kaunti. Ilisema pia kwamba nafasi inaweza kushikiliwa mwaka mmoja, lakini si zaidi. Ile nyingine, hadi ninapoandika haya, imetuma ujumbe wa kumkumbusha kulipa amana.